Nilivyouza sufuria lisilo langu

Fundi alipanda juu ya bati asubuhi, akagonga mbao moja moja kwa kitako cha nyundo, akashuka na vumbi kichwani. "Dada, huko juu imebaki rangi tu. Mbao zimeliwa." Mchwa. Ukikaa Tabora huwashangai mchwa, unashangaa wakichelewa. Alitaka chumba cha nyuma na stoo vitolewe kila kitu ndani ya wiki moja, aezue, abadilishe kenchi na kurudishia bati kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Mama alikuwa amekaa mkekani chini ya mwembe, anachambua mchele. Bila kuinua kichwa akasema, "Mwambie aje mwakani."

Nikacheka. Nilidhani anatania.

Nyumba yenyewe iko Ng'ambo. Baba aliijenga kidogo kidogo akiwa mfanyakazi wa reli, tukahamia kutoka kota nikiwa darasa la pili. Mimi sasa nakaa Ipuli na wanangu. Mama anakaa na mjukuu mmoja na binti wa kumsaidia. Stoo ile naijua tangu utoto lakini ukuta wake wa nyuma sikuwahi kuuona. Uliingia kwa ubavu, ukanyoosha mkono, ukavuta ulichokifikia, ukatoka upesi kabla kingine hakijakuangukia.

Safari hii nilijiandaa. Siku zile simu yangu ilijaa video za akina mama wenye nyumba nyeupe wakifundisha kupunguza vitu, na kanuni yao kubwa niliishika kama aya: kitu ambacho hujakigusa mwaka mzima, kitoe. Nikanunua viroba kumi, nikagawa uwanja wa nyuma kwa kamba mafungu matatu: vya kubaki, vya kugawa, vya kutupa. Nikaomba likizo ya siku tano. Siku tano! Nikikumbuka najicheka mwenyewe.

Siku ya kwanza iliishia kwenye madumu. Yalikuwa 31, ya lita ishirini ishirini, mengine hayana vifuniko, moja limekaa nge chini yake. Pamoja nayo mapipa mawili ya bati, ndoo, mtungi wa udongo wa bibi na beseni lenye tundu lililozibwa kwa lami. Nikayapanga yote kwenye fungu la kutupa, nikabakisha manne.

Mama akasimama. Magoti yake hayamruhusu kusimama ovyo, kwa hiyo nilijua kuna jambo.

"Haya unayapeleka wapi?"

"Mama, bomba lipo hapo. Maji ya Ziwa Victoria yamefika."

"Yakikatika?"

"Ziwa Victoria halikauki, mama."

"Na Igombe walisema hivyo hivyo."

Asiyeijua Tabora ya zamani hawezi kuelewa jibu hilo. Mji wetu ulinyweshwa na mabwawa, Igombe na Kazima, na kiangazi kikiwa kirefu mgao ulikuwa mgao kweli. Kulikuwa na vijana wanaoishi kwa kusukuma baiskeli za Phoenix zenye madumu sita, na mama alikuwa anajua mlio wa kila baiskeli. Tulikuwa tunaoga kwa kopo moja na nusu, ile nusu ni ya miguu. Bomba la kutoka ziwani limefika miaka hii ya juzi tu. Mtu aliyehesabu maji kwa makopo kwa miaka hamsini humwambii ayaamini kwa sababu wewe umefungua koki mara mbili yakatoka.

Tulibishana mpaka alasiri, tukakubaliana madumu kumi yenye vifuniko. Mengine nilimpa jirani anayeuza miche ya miti. Anayakata nusu na kuoteshea. Mawili nilikataa kumpa mtu yeyote. Yalikuwa na harufu kali, na mama akakumbuka kwamba mjomba aliyekuwa analima tumbaku aliyaleta kutoka shambani yakiwa yamebeba dawa ya wadudu. Dumu la namna hiyo huliwekei maji wala mafuta hata ulioshe mara mia. Niliyatoboa toboa kwa msumari ili asije mtu akayaokota akayatumia.

Siku ya pili ilikuwa sabuni. Nyuma ya kabati bovu nilikuta miche kumi na minne ya sabuni ya kufulia, imekauka kama kuni, imefungwa kwenye karatasi za gazeti la Uhuru zilizogeuka rangi ya chai. Nikafungua mdomo kusema, nikaufunga. Kwa sababu hapo na mimi nilikumbuka.

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka tisa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, miezi ikapita na mkanda ukabaki pale pale. Mama alikuwa ananiamsha usiku nikashike foleni ya duka la ushirika kwa kuweka jiwe; jiwe letu lilikuwa na alama ya chaki. Ukifika dirishani unapewa kilichopo, siyo unachotaka. Siku nyingine sabuni, siku nyingine betri za redio, na nyumba nzima haina redio. Unachukua. Ugali ulikuwa wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, na miguuni tulivaa katambuga zilizokatwa kwenye matairi. Baadaye Mzee Mwinyi akaja na ruksa zake, maduka yakajaa, lakini mama alikuwa ameshajifunza. Tangu hapo akinunua sabuni mbili, moja inafua na nyingine inaingia stoo.

Nikamuuliza kwa nini hazitumii basi, sasa zipo kila duka. Akanitazama kama ninavyowatazama wanangu wanapouliza kwa nini hatuli kuku kila siku. "Sabuni kavu haiishi haraka," akasema. Na ni kweli, mche mkavu unadumu kuliko mche mbichi. Sabuni zikarudi. Kwenye daftari langu la kuhesabu nikaandika: siku ya pili, kilichotoka, karatasi za gazeti. Na hizo nazo mjukuu akazidaka kwa ajili ya kuwashia jiko.

Dawa hatukubishana. Kwenye kopo la maziwa ya unga kulikuwa na vidonge vya kila rangi, vingine vimeshikana, na chini kabisa klorokwini, dawa ambayo nchi yetu iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka 2001. Mama alikuwa bado anamwamini yule mganga aliyemwandikia. Nilizibeba mpaka kwa mfamasia ninayefahamiana naye, akaniambia nisizitupe chooni wala nisizichome uani, akazipokea mwenyewe aziunganishe na zake zilizopitwa na muda. Ukisafisha nyumba ya mzee, anza na kopo la dawa. Mengine yote yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Siku ya tatu ndiyo niliyoharibu.

Mama alikwenda kliniki ya macho na binti. Nikaona hapa ndipo pa kupiga kazi. Nikamwita kijana wa chuma chakavu, yule anayepita na mkokoteni na mzani wa kuning'iniza. Nikampa jiko la mchina lililooza, fremu ya baiskeli, bati za zamani, pasi ya mkaa isiyo na mpini, na sufuria. Sufuria lenyewe lilikuwa kubwa kiasi kwamba mtoto wa miaka mitano angeoga ndani akikaa. Lilikuwa limebonyea ubavu mmoja, jeusi chini, na kwa kanuni yangu ya mwaka mmoja lilikuwa na hatia: vumbi lake ungeweza kupandia mchicha. Karibu na mshikio kulikuwa na herufi tatu zilizopigwa kwa vitone vya msumari. Nikadhani ni alama ya kiwandani, au za baba, maana watu wa reli walikuwa wanaweka alama kila kitu.

Kijana akapima, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu, akanipa 27,000 kwa sufuria peke yake. Nikafurahi. Mikeka minane na sahani za plastiki, ambazo kwa haraka zilikuwa kama sitini, nikaziweka fungu la kugawa. Jioni nikawapa watu wa kituo kimoja cha kulelea watoto.

Mama aliporudi alikuwa amewekewa dawa ya macho, haoni vizuri. Hakuuliza kitu.

Siku nane baadaye, alfajiri, mzee mmoja wa nyumba ya nne kutoka kwetu akafariki. Inna lillahi. Nililala kwa mama siku hiyo. Hata jua halijatoka, hodi mlangoni, wanawake watano wamejifunga khanga viunoni, na aliye mbele namwita shangazi tangu nikiwa mdogo.

"Tumekuja kuchukua sufuria letu na mikeka."

Mama akasema, "Lipo stoo, ingieni."

Naweza kusimulia mengi katika maisha yangu bila aibu, lakini dakika ile bado inanikaa kooni. Nilisema. Shangazi akauliza taratibu, "Lile la kilo thelathini?" Nikatikisa kichwa kukubali. Wakatazamana. Nilitegemea wanifokee, na ingekuwa afadhali. Shangazi akasema, "Basi mwanetu, hamna shida, tutaazima kwa akina mama wa Isevya." Wakageuka. Mama hakuniambia neno. Alikaa kitandani anageuza tasbihi, na kila punje iliyopita niliisikia.

Sufuria lile halikuwa la mama. Akina mama wa mtaa walilinunua kwa mchango mwaka 1991, baada ya msiba mmoja ambao waliazima vyombo mbali na vikarudi vimepungua. Mikeka hivyo hivyo, sahani hivyo hivyo. Mama hakuwa mwenyekiti wala mweka hazina. Alikuwa na stoo yenye mlango unaofungwa, basi. Miaka zaidi ya thelathini nyumba yetu ilikuwa inalinda mali ya watu, na mimi mtoto wa nyumba sikuijua kwa sababu tangu niolewe kwenye misiba nafika saa nne, nikiwa nimevaa, pilau ikiwa tayari imeiva.

Mwaka mmoja bila kuguswa! Sufuria la msiba linaomba lisiguswe miaka mitano.

Nilimtafuta kijana wa mkokoteni, akanipeleka yadi walikouza. Huko aluminiamu haikai nzima. Wanaiponda kwa nyundo ili ienee kwenye lori. Tulichambua marundo na mlinzi mpaka saa saba. Tukapata mshikio mmoja na kipande cha ubavu wake, ukubwa wa sahani, kikiwa na zile herufi tatu. Nilikinunua kile kipande. Mlinzi alinionea huruma, akadhani nina matatizo.

Mikeka na sahani nilizirudisha kwa kwenda kupiga magoti kule nilikozipeleka, nikawapelekea mbadala. Sufuria jipya lilinigharimu 190,000, na nililibeba kichwani kutoka kwenye bodaboda mpaka kwa shangazi ili watu wanione, ndivyo nilivyoona inafaa. Akina mama walilipokea vizuri. Halafu shangazi akaniwekea kigoda, akanipa msumari wa nchi nne na jiwe. "Ukosee tena," akasema, "ujue ni mkono wako mwenyewe ulioandika." Nikaanza kugonga. Aluminiamu mpya ni laini, msumari unazama bila kelele nyingi, tik, tik, na kila kitone kinaacha kijishimo chenye ukingo unaong'aa. Herufi ya kwanza ilipinda. Ya tatu ilikaa vizuri. Walicheka, nami nikaona nimesamehewa.

Kipande kile cha zamani mama alikichukua, akakifuta kwa upande wa khanga, akakiweka stoo. Sijamuuliza cha nini.

Baada ya hapo kanuni za simu nilizifuta, na fundi nikampigia nikamwomba anivumilie. Alilalamika, akaongeza bei kidogo, akakubali. Nikaacha kuchambua mama akiwa hayupo. Kila jioni nikitoka kazini napitia Ng'ambo, natoa vitu vitano au sita tu, naviweka mkekani mbele yake, nauliza: hii ulikuwa unaiwekea nini? Siyo "unaitumia?", maana ukimuuliza mtu kama anatumia kitu anakuwa mshitakiwa, anaanza kujitetea, na mtu anayejitetea hatoi chochote. Ukimuuliza ilikuwa ya shida gani, anakuhadithia ile shida, na mara nyingi akifika mwisho wa hadithi yeye mwenyewe anasema, "Ah, hiyo ilishapita, peleka."

Koroboi sita zilitoka hivyo, zikabaki mbili. Godoro la sufi lililokuwa nyumba ya panya likatoka. Redio ya kaseti bila mlango, chupa za chai zenye kioo kilichovunjika, mabox ya viatu ambavyo havipo. Madaftari ya wanangu tuliyahesabu kilo, akayachukua muuza karanga. Mwezi uliofuata nilinunua karanga stendi nikakuta zimefungwa kwenye hesabu za mwanangu wa pili, amekosa nne kati ya tano. Debe la asali ya porini lililoganda mpaka mjukuu akadhani ni samli halikutoka, wala sikuthubutu kulishika. Asali ikiganda watu wanasema imetiwa sukari. Uliza mrina asali yeyote wa huku, atakwambia inaganda yenyewe. Tuliiweka chupa chupa kwenye maji ya moto, ikarudi.

Karatasi za baba zilitaka wiki nzima peke yake. Zilikuwa kwenye sanduku la bati juu ya matofali mawili, ndiyo maana mchwa hawakuzifikia. Sanduku la pili, lililokaa chini, tulipolifungua lilikuwa limebaki udongo wenye umbo la mafaili. Kwenye lile lililopona kulikuwa na hati zake za mshahara tangu akiwa kibarua. Zile za zamani zinasema East African Railways and Harbours, kisha kuanzia mwaka 1969 bandari zinaondoka kwenye jina, kisha Jumuiya inavunjika mwaka 1977 na karatasi zinabadilika rangi, zinakuwa za Shirika la Reli Tanzania. Historia nzima ya Afrika Mashariki kwenye mishahara ya mtu mmoja. Nilitaka kubakisha mbili tatu za kumbukumbu. Mama akakataa, na safari hii nilimwelewa bila hadithi. Wazee waliofanyia kazi ile Jumuiya walifuatilia madai yao miaka na miaka, na asiyekuwa na karatasi alikuwa na maneno tu. Nikanunua faili za plastiki, nikapanga kwa miaka, nikazipiga picha zote kwa simu. Hati ya kiwanja tuliikuta humo humo, katikati ya stakabadhi za mbolea. Ningechoma sanduku lile siku ya tatu, sijui leo tungekuwa tunazungumza nini na ndugu zangu.

Halafu ikaja siku ya koti. Koti la reli la baba, zito, vifungo vya shaba, limening'inia kwenye msumari tangu afariki mwaka 2009. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba hili linabaki, hata kama kila kitu kitaondoka. Nikaliweka mkekani, nikauliza swali langu. Mama akalishika mkono mmoja, akalipapasa, akamwita yule kijana anayelinda kwenye duka la jirani usiku.

"Jaribu hili."

Likamkaa kama alipimiwa.

"Chukua. Baridi ya Juni haimjui marehemu."

Kijana akaondoka nalo. Mimi nikaingia stoo kujifanya natafuta kitu. Mtu anayelilia madumu anatoa koti la mume wake kwa sekunde tano. Mpaka leo nikilala Ng'ambo usiku natoka nje nalitazama linavyopita chini ya taa.

Stoo iliisha Ijumaa ya wiki ya nne. Ukuta wa nyuma niliuona: una mchoro wa treni kwa mkaa, mkono wangu wa darasa la tatu. Kikabaki kitu kimoja, sanduku dogo la mbao lililokuwa uvunguni mwa kitanda cha mama na ambalo nilikuwa nimelipita mara zote. Mama akafungua pindo la khanga, akatoa ufunguo.

"Hili angalia tu. Usitoe."

Ndani kulikuwa na bafta jeupe limekunjwa, chupa ya marashi, udi, pamba, kipande cha sabuni ambacho hakijafunguliwa, na noti zimefungwa kwenye kitambaa. Sikuuliza swali langu. Nilipitisha mkono chini na kwenye pembe zote kama alivyotaka, natafuta njia za mchwa. Hazikuwepo.

"Limepona?"

"Limepona, mama."

"Naftalini zina harufu bado?"

Nikanusa. Zilikuwa zimekwisha, zimebaki vipunje kama mchele.

"Hazina."

"Basi kesho ukitoka kazini niletee za mia tano."

Nikafunga sanduku, nikalisukuma uvunguni, nikamrudishia ufunguo. Aliufunga kwenye pindo, fundo mbili, akaniuliza kama yule fundi anakuja Jumatatu au naye ameanza kuwa kama mafundi wengine.